Kila Leseni Iulizwe Inamlinda Nani

Katika visiwa vyetu mtu hujifunza kazi kwanza, na leseni humkuta baadaye. Muunda madau hufundishwa ufukweni na mzee wake, akianzia kushika misumari na kukalafati kwa pamba, mpaka siku atakapoaminiwa kuweka mkuku. Mpaka hina hufundishwa na shangazi yake siku za harusi. Mkwezi wa mikarafuu hufundishwa na mkarafuu wenyewe. Kwa karne nyingi ushahidi wa ujuzi wa watu hawa ulikuwa ni kazi ya mikono yao, na kauli ya majirani waliowajua.

Leo hali imebadilika. Kazi nyingi zinazofanywa kwa malipo mbele ya umma zinahitaji karatasi: moja ya biashara, nyingine ya afya, nyingine ya manispaa au baraza la mji, nyingine tena ya taasisi inayosimamia fani inayohusika. Kila karatasi ina ada yake, muhuri wake na siku yake ya kuhuishwa. Mwananchi huuliza barazani, baada ya sala ya alasiri, kama karatasi zote hizo ni za lazima. Swali hilo ni la haki, na sisi tuliopewa dhamana ya kuwatumikia wananchi hatuna budi kulijibu kwa hoja, si kwa kukemea.

Makala haya hayakusudii kusema kwamba leseni zifutwe. Yanakusudia kusema kwamba kila leseni iitwe mbele, moja baada ya moja, iulizwe inamlinda nani. Itakayojibu ibaki na iheshimiwe. Itakayoshindwa kujibu iondolewe.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu kabla ya kukaa katika dawati la skuli tulipata kusikia kwamba dola za Kiislamu za zamani zilikuwa na mtumishi aliyeitwa muhtasib. Kazi yake ilikuwa kupita masokoni, kukagua mizani na vipimo, kutazama mikate ya waokaji na maziwa ya wauzaji, na kuwazuia wadanganyifu. Kwa hiyo fikra ya kwamba dola ina haki ya kusimamia kazi za watu si fikra ya kikoloni iliyoletwa kwetu juzi kwa meli. Ni fikra kongwe, nayo ina mafunzo yake.

Katika mwaka 319 Hijria, yaani 931 Miladi, Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad aliletewa habari kwamba mtu mmoja wa kawaida amefariki kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamuru muhtasib awazuie matabibu wote wasifanye kazi mpaka kila mmoja awe ametahiniwa na Sinan ibn Thabit, aliyekuwa bingwa wa tiba wa zama zile. Wanatarikh wameandika kwamba waliotahiniwa walizidi 860, mbali na wale ambao ujuzi wao ulikwisha julikana na kuthibiti.

Miongoni mwa waliokuja alikuwamo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alimheshimu na kumketisha, kisha akamtaka aeleze alichosoma na mwalimu wake ni nani. Mzee akatoa dinari za dhahabu, akaziweka mbele yake, na kukiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, na kwamba ana aila inayokula kwa kazi hiyo. Sinan akacheka. Akamruhusu aendelee, lakini kwa sharti: asimwingilie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiamuru kutoa damu au kunywesha dawa kali ya kuharisha isipokuwa katika maradhi mepesi. Mzee akasema kwamba hiyo ndiyo desturi yake siku zote. Hajapata kuvuka sharubati na maji matamu. Siku ya pili akaja kijana, naye alipoulizwa amesoma kwa nani, akajibu kuwa amesoma kwa baba yake, yule mzee wa jana. Naye akaruhusiwa kwa sharti lile lile.

Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna mambo mawili mazito. La kwanza ni kwamba Sinan hakuitazama kazi ya utabibu kuwa kitu kimoja kisichogawanyika. Aliigawa. Sehemu yenye hatari, ya kisu na dawa kali, akaizuia kwa asiyejua. Sehemu isiyodhuru, ya sharubati, akaiacha iendelee kulisha watoto wa mzee yule. Jambo la pili ni zile dinari. Hata katika mtihani wa haki, ulioamriwa na Khalifa baada ya mtu kupoteza roho yake, mtu wa kwanza kutojua alifikiria dhahabu. Penye mlango pana bawabu, na penye bawabu pana kishawishi. Kwa hiyo dola yenye busara haiweki milango mingi kuliko inavyohitaji.

Tuje sasa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Hakuna shehia katika visiwa hivi ambayo haikuguswa na msiba ule. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na zaidi ya watu 1,000 hawakuonekana tena. Tume iliyochunguza ilibaini kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, hali uwezo wa meli ulikuwa ni abiria 600 hivi. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam.

Chombo kile cha 2011 hakikuwa jahazi la magendo lililotoka gizani. Kilikuwa kimesajiliwa, kikiondoka katika bandari rasmi, mbele ya macho ya watumishi waliokuwa na wajibu wa kuhesabu na kuzuia. Hatukukosa karatasi usiku ule. Tulichokosa ni mtu mmoja mwenye mamlaka wa kusimama juu ya gati na kusema kwamba chombo hiki hakiondoki. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Leseni ya nahodha na cheti cha chombo ni karatasi zenye maana kuliko zote, kwa sababu abiria hana njia ya kuupima ujuzi wa nahodha wala uzima wa mbavu za meli kabla ya kupanda, na akishajua amechelewa. Lakini karatasi hiyo tukufu tumeiweka katika kabati moja na karatasi za muuza urojo, za msusi na za mtembeza vikoi pwani. Mwananchi aliyezoea kuona kwamba kila karatasi hupatikana kwa kulipa, haoni kwa nini karatasi ya nahodha iwe na heshima zaidi. Mtumishi aliyezoea kupiga mihuri kwa kuangalia stakabadhi, haoni kwa nini siku hii moja aangalie chombo chenyewe. Leseni zisizo na maana huzishusha hadhi zile zenye maana.

Kwa kweli ndani ya neno hili leseni mmejificha mambo matatu ambayo hayafanani. Kuna leseni ya mapato, ambayo shabaha yake ni ada inayoingia hazina. Kuna leseni ya orodha, ambayo shabaha yake ni Serikali kujua nani anafanya nini na wapi. Na kuna leseni ya ujuzi, ambayo humkataza mtu kufanya kazi mpaka athibitishe kwamba anaijua. Ya kwanza ni kodi, na ingefaa iitwe kodi. Ya pili ni daftari, na daftari halihitaji kumzuia mtu mwezi mzima. Ya tatu peke yake ndiyo yenye haki ya kusema hapana. Tatizo letu ni kwamba zote tatu zimevishwa kanzu moja.

Wapo watakaosema kwamba leseni huwalinda wanyonge. Huenda ikawa hivyo, lakini tarikh yetu wenyewe inatutaka tuwe waangalifu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Unguja ilitunga amri iliyokipa chama cha wakulima wa karafuu, kilichoundwa mwaka 1927, mamlaka makubwa juu ya ununuzi na usafirishaji wa zao hilo, na biashara yake ikafungwa kwa leseni. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkulima mwenye madeni. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona kwamba wanafungiwa mlango, wakagoma; na India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusia karafuu zetu mpaka yalipofikiwa makubaliano mwaka 1938. Wakati wakubwa wanavutana, karafuu zilikuwa za nani? Ununuzi wa karafuu wa leo una mjadala wake, nami siuingii hapa. Ninachosema ni kwamba leseni ina tabia ya kuzaliwa kwa jina la mnyonge na kukulia mikononi mwa mwenye nguvu. Aliyekwisha ingia ndani hupenda mlango ufungwe nyuma yake.

Tabia hiyo haiko kwetu tu. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wafanyakazi waliohitaji leseni ya jimbo ili wafanye kazi walikuwa pungufu ya asilimia 5. Ripoti iliyotolewa na Ikulu ya nchi hiyo Julai 2015 ilieleza kwamba sasa wafanyakazi wanaohitaji leseni wamezidi robo. Ripoti hiyo hiyo ilionesha kwamba leseni hupandisha bei anayolipa mteja, lakini ushahidi kwamba hupandisha ubora wa kazi ni mchache. Katika jimbo la Louisiana hata mpanga maua alitakiwa afanye mtihani, na sehemu ya vitendo ya mtihani huo, ambapo watahini hukaa kuyapa mashada alama, haikuondolewa mpaka mwaka 2010. Mtu hafi kwa shada lililofungwa vibaya.

Ujerumani, nchi inayosifika duniani kwa mafundi wake, ilifanya jambo ambalo sisi tunaweza kujifunza. Mpaka mwaka 2003 palikuwa na fani 94 za mikono ambazo mtu hakuweza kufungua karakana yake bila ya shahada ya fundi mkuu. Kuanzia mwaka 2004 walizipitia zote. Fani 53 zikafunguliwa kwa kila mtu, na 41 zikabaki na sharti, hasa zile ambazo kosa lake huhatarisha maisha na zile zinazofundisha vijana wengi. Lakini kazi haikuishia hapo. Waliendelea kutazama matokeo, wakaona kwamba katika baadhi ya fani zilizofunguliwa mafundi wa mtu mmoja mmoja wamekuwa wengi na wanagenzi wanaofundishwa wamepungua. Mwaka 2020 wakarudisha sharti kwa fani 12, ikiwamo ya kutandika vigae. Funzo hapa si kwamba walifungua, wala si kwamba walifunga. Funzo ni kwamba walikuwa na kipimo, wakakitumia, na hawakuona haya kujisahihisha.

Nasi tumeshapiga hatua ambazo haifai kuzidharau. Hapa Zanzibar ilitungwa sheria mwaka 2013 ya kuweka mfumo wa utoaji wa leseni za biashara, na likaundwa baraza la kuusimamia. Tanzania Bara, Serikali ilipitisha mwaka 2018 mpango wa kuboresha mazingira ya biashara kwa kupunguza tozo na mamlaka zinazogongana. Na mwezi Desemba mwaka huo huo vikaanza kugawiwa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Haya ni mambo mema. Lakini kuharakisha kutoa karatasi si sawa na kuuliza kama karatasi inahitajika. Dirisha moja likitoa kwa siku moja karatasi isiyo na faida, tumepunguza safari za mwananchi, hatujampunguzia mzigo.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Mzee mmoja wa kijiji cha pwani, aliyeunda na kukarabati mashua kwa miaka zaidi ya 30, aliomba kazi ya kutengeneza mashua kadhaa za kikundi cha wavuvi. Ofisi iliyohusika, ambayo hapana haja ya kuitaja, ilimtaka alete cheti cha ufundi. Hakuwa nacho. Kazi akapewa mtu mwenye cheti ambaye hakuwa na nyenzo wala mazoea ya mbao. Mtu huyo akaenda moja kwa moja kwa mzee yule yule, akamwajiri kwa ujira ambao haukufika nusu ya malipo ya kazi. Mashua zilitengenezwa vizuri, na mikono iliyozitengeneza ni ile ile iliyokataliwa. Sasa niulize: cheti kile kilimlinda nani? Mvuvi hakupata usalama zaidi, maana fundi ni yule yule. Serikali ililipa zaidi. Mzee alipata kidogo. Aliyelindwa ni mwenye karatasi.

Dawa ya kisa kama hiki inajulikana. Kwa mzee kama huyo, mtihani uende ufukweni, si yeye aende darasani. Huko Bara vyuo vya ufundi stadi vina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya na kupewa cheti anachostahili. Sinan naye hakuwatahini wale ambao ujuzi wao ulikwisha thibiti. Sisi tuna wazee wa namna hiyo katika kila ufukwe na kila mtaa wa Mji Mkongwe.

Upo mfano mwingine, nao ni wa hina. Katika fukwe zetu wanawake wengi huwapaka wageni maua ya hina na kurudi nyumbani na chochote. Wapo wanaotaka kila mmoja wao awe na leseni ya ujuzi. Tuulize madhara yako wapi. Hina ya majani haina neno. Madhara yamo katika piko, ile rangi nyeusi ya nywele, ambayo ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi na kuacha kovu au mzio wa maisha. Basi adui ni dawa ile kuwekwa juu ya ngozi, si mkono wa mama yule. Ipigwe marufuku kupakwa mwilini, wakaguzi wapite, atakayepatikana nayo aadhibiwe. Na wapaka hina wengine waachwe wafanye kazi yao. Kukataza kitu kimoja chenye sumu ni rahisi kuliko kuwaandika na kuwatoza watu mia.

Kutokana na hayo napendekeza kwamba kila taasisi inayotoa leseni itakiwe kujibu maswali manne kwa maandishi. La kwanza: kazi hii ikifanywa vibaya huleta madhara gani, na kwa nani? La pili: je, mteja anaweza kuyaona mwenyewe kabla ya kudhurika, kama anavyouona mshono uliopinda, au hawezi, kama asivyouona ubovu wa injini ya meli na wa nyaya ndani ya ukuta? La tatu: hapana njia nyepesi zaidi, kama vile ukaguzi wa mahali, kupiga marufuku kitu chenye hatari, kumlazimisha mwenye kosa kulipa fidia, au cheti cha hiari ambacho mteja akitaka atakitafuta? La nne: masharti yanayowekwa yanapima ule ujuzi hasa unaozuia madhara hayo, au yanapima uwezo wa kulipa?

Kwa maswali hayo, tabibu, mkunga, nahodha, dereva wa gari la abiria, fundi umeme na mwalimu wa kuzamia watabaki na leseni, na mitihani yao iwe mikali kuliko sasa. Muuza chakula atabaki na ukaguzi wa usafi, maana maradhi ya kipindupindu tunayajua. Mtembeza wageni atatosha kuwa na nambari na jina katika daftari, ili mgeni akidanganywa ajulikane aliyemdanganya, na papasi asijifiche nyuma ya mwaminifu. Msusi, mshona nguo na mchonga milango hawatahitaji ruhusa ya ujuzi ya mtu yeyote. Mteja wao ndiye mtahini wao.

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu maofisini, nalo ni mapato. Ada hizi hulipa mishahara na kuzoa taka. Ni kweli. Lakini kama Serikali inahitaji shilingi ya muuza urojo, na iichukue kwa jina la kodi au ada ya soko, kwa kiwango kinachojulikana, naye ataitoa akijua inakokwenda. Tukiichukua kwa jina la usalama hali hatukagui usalama wowote, tunamfundisha kwamba Serikali haisemi inachokusudia. Hasara ya somo hilo ni kubwa kuliko ada.

Wahenga walisema nahodha wengi chombo huenda mrama. Wakaguzi wetu ni wachache, na siku zao ni zile zile tano za kazi. Kila siku moja wanayoitumia kuhesabu vibali vya vibanda ni siku wasiyokuwapo gatini. Tuwapunguzie kazi isiyo na faida ili ile yenye faida wasiwe na udhuru nayo. Leseni zitakazobaki ziwe chache, na kila moja iwe nyuma yake pana mtu aliyepimwa kweli, na mtumishi aliye tayari kusema hapana hata siku ya sikukuu, hata abiria wakilalamika, hata mwenye chombo akiwa mkubwa. Hilo ndilo deni tulilo nalo kwa wale waliobaki baharini usiku ule wa Septemba.